KAPITENI JOUBERT, MMISIONI MLEI WA MWAMBAO WA TANGANYIKA (1842–1927)



Parokia inapofanya jubilei, ni desturi njema kuwataja kwanza maaskofu na mapadri walioijenga. Tena ni haki, kwani bila wao tusingalipata sakramenti. Lakini katika kurasa hizi tumependa kumkumbuka mtu ambaye hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei, askari wa zamani, mume wa mke mmoja na baba wa watoto kumi. Jina lake ni Léopold Louis Joubert, ambaye wengi walimwita Ludovic, na watu wa ziwa walimjua kwa jina la Kapiteni.

Tuna sababu mbili za kumweka katika kitabu cha mwambao huu wa kaskazini, ijapokuwa kaburi lake liko mbali nasi, upande wa Moba. Ya kwanza, kazi yake katika Afrika ilianzia huku kwetu, katika nchi ya Masanze. Ya pili, mmoja wa wanawe alirudi kwetu akiwa padri, akamwaga damu yake Fizi. Kati ya hayo mawili imo miaka zaidi ya themanini, na katika miaka hiyo imo habari yote ya jinsi imani ilivyofika kando ya ziwa hili.

Tunajua pia kwamba baadhi ya vijana wetu huuliza kama mtu aliyekuja na bunduki astahili kuitwa mmisioni. Swali hilo si la utovu wa adabu. Tutaeleza maisha yake kama yalivyokuwa, kisha kila mmoja apime.

KUZALIWA KWAKE NA VITA VYA ROMA

Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, upande wa magharibi wa Ufaransa, katika nchi ya wakulima walioshika dini sana. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane, Baba Mtakatifu Pio IX alikuwa katika shida kubwa. Wakati ule Papa alitawala pia nchi yenye miji na mashamba katikati ya Italia, na jeshi la mfalme wa kaskazini lilikuwa likiichukua nchi hiyo kipande kwa kipande. Vijana Wakatoliki wa mataifa mengi walikwenda Roma kumtetea, na Joubert akaenda pamoja nao.

Tarehe 18 Septemba 1860 yalipiganwa mapigano ya Castelfidardo. Upande wa Papa ulishindwa, na Joubert alijeruhiwa akatekwa. Alipofunguliwa alirudi katika utumishi, akawa miongoni mwa askari walioitwa Zuavu wa Papa, akapanda cheo hata kuwa kapiteni. Tarehe 20 Septemba 1870 Roma ilichukuliwa, utawala wa dunia wa Papa ukakoma, na kikosi cha Zuavu kikavunjwa. Joubert alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, naye alikuwa ametoa miaka kumi ya ujana wake kwa ajili ya jambo lililoshindwa.

Tuliweke neno hilo moyoni. Mtu aliyetumwa Afrika hakuwa mshindi mwenye majivuno. Alikuwa amekwisha kuona kwamba ufalme wa duniani, hata ukiwa wa Papa, huanguka, na kwamba Kanisa linabaki.

WITO WA ASKOFU WA ALGIERS

Katika mwaka wa 1868, Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, alikuwa ameanzisha shirika la Mapadri Weupe. Wamisioni wake wa kwanza walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka wa 1879. Safari kutoka Bagamoyo hata ziwani ilikuwa ya miguu, ya miezi mitatu au zaidi, na njiani kulikuwa na homa, njaa, wanyang'anyi, na machifu waliodai ushuru wa nguo na shanga. Lavigerie aliona kwamba misafara na misioni vilihitaji ulinzi, ili padri mwenyewe asishike bunduki. Ndipo alipowaita Zuavu wa zamani, na Joubert akaitika mwaka wa 1880.

Nchi aliyoijia ilikuwa imejaa maombolezo. Kutoka Ujiji na Tabora hata pwani, wafanyabiashara walipitisha pembe za ndovu na watu. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa kwa sheria mwaka wa 1873, lakini bara biashara iliendelea, na vijiji vya Manyema na vya pande zote mbili za ziwa viliendelea kuvamiwa. Ukweli watudai tuseme pia kwamba wavamizi hawakuwa wageni peke yao. Walikuwako machifu wa kienyeji waliouza majirani zao wapate nguo, baruti na bunduki. Kiswahili chetu wenyewe, hiki tukiitacho Kingwana, kilitujia katika njia hiyohiyo, kwa vinywa vya Wangwana wa misafara. Lugha iliyohesabu watumwa sokoni ndiyo ambayo wamisioni waliitumia kufundisha Baba Yetu, na ndiyo tunayosalia leo.

Damu ya wamisioni pia ilikuwa imeanza kumwagika. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge, ng'ambo ya ziwa katika nchi ya Burundi, Padri Deniaud, Padri Augier na mlei mmoja Mbelgiji aitwaye D'Hoop waliuawa. Misioni ya Rumonge ikaachwa. Upande wetu wa magharibi, Mapadri Weupe walikuwa wamefungua misioni ya Mulwewa, katika Masanze, mwishoni mwa mwaka wa 1880. Huko ndiko Kapiteni alikowekwa kulinda. Misioni ilipohamishwa mwaka wa 1883 hadi Kibanga, mahali palipo leo katika eneo la Fizi, kazi yake ikaendelea huko.

Wazee wa mwambao huu wanajua jinsi pwani ya chini ilivyo na homa. Makaburi ya Kibanga yaliongezeka haraka kuliko nyumba, na baada ya miaka kumi hivi misioni hiyo nayo iliachwa. Mtu angeweza kusema kwamba Masanze na Kibanga vilikuwa bure. Sisi hatusemi hivyo. Mbegu ilifukiwa hapa muda mrefu kabla ya misioni ya Uvira kufunguliwa katika miaka ya 1930.

KURUDI KWAKE NA MAJI YA MPALA

Mwaka wa 1885 mambo yalibadilika. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekutana Berlin, na Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, akapata nchi iliyoitwa Dola Huru la Kongo. Vituo viwili ambavyo watu wake walikuwa wamevijenga kando ya ziwa, yaani Karema upande wa mashariki na Mpala upande wa magharibi, vilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Joubert alikuwa amerudi Ufaransa. Angeweza kubaki katika shamba la wazazi wake, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Lakini alijitoa mara ya pili. Alifika Karema mwishoni mwa mwaka wa 1886, na mwezi wa Machi 1887 alivuka ziwa hadi Mpala. Toka siku hiyo hakurudi Ulaya tena. Alikaa miaka arobaini, mpaka kufa.

Kardinali Lavigerie alikuwa na ndoto ya kuona ufalme wa Kikristu katikati ya Afrika, wenye mtawala atakayelinda wanyonge. Alimtazamia Joubert. Ufalme huo haukutokea kamwe, na labda tumshukuru Mungu kwa hilo, kwa maana Injili haikuagizwa kutawala nchi. Lakini kwa miaka kadhaa Kapiteni alikuwa kweli mkuu wa ulinzi na mwamuzi wa mashauri katika nchi ya Mpala. Baadaye alijenga makao yake Mrumbi, si mbali na Mpala, akayaweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa. Ndiyo maana mahali hapo paliitwa Saint-Louis de Mrumbi.

JINSI ALIVYOISHI KILA SIKU

Wengi wanaposikia neno mmisioni wa zamani huwaza safari za ajabu na simba. Maisha ya Kapiteni kwa sehemu kubwa yalikuwa ya kazi ndogondogo zinazorudi kila kukicha, kama za mwenye nyumba yeyote kati yetu.

Asubuhi ilianza kwa sala, na kwa Misa Takatifu padri alipokuwapo. Joubert alikuwa mtu wa Ekaristia na wa rozari, tangu ujana wake hata uzee. Mapadri walikuwa wachache, nao walikufa upesi kwa homa, kwa hiyo mara nyingi mlei huyu alibaki na watu wake bila padri. Hapo alifanya lile ambalo wakatekista wetu wa vijijini wanalifanya hata leo: kuwakusanya watu, kuongoza sala, kufundisha katekisimu, na kumbatiza yule aliyekuwa karibu kufa.

Baada ya sala ulikuwa wakati wa kazi. Askari wake walikuwa watu wa nchi, wengine waliotoka utumwani, naye aliwazoeza kushika silaha na kukesha kwa zamu. Lakini walinzi haohao walikuwa pia wakulima na waashi. Kijiji kilichojaa wakimbizi kilihitaji mashamba kabla ya yote, kwa maana mtu aliyeokolewa jana atakuwa na njaa leo. Wakimbizi walikuja na wagonjwa, wazee na watoto wasiojua jina la baba yao. Kila mmoja ilibidi apewe mahali pa kulala na jembe la kulimia.

Kisha yalikuja mashauri: mke aliyekimbia, mbuzi aliyekula shamba la jirani, mahari isiyokamilika, deni la nguo. Kapiteni aliketi akasikiliza. Twajua sisi wenyewe, tunaokaa katika mabaraza ya parokia, kwamba kazi hiyo huchosha kuliko kulima. Hakuna anayeondoka akisifu, na anayeshindwa hukumbuka kwa muda mrefu. Hata hivyo, katika nchi ambamo mwenye nguvu alikuwa akimwuza mnyonge, kule kuketi tu na kusikiliza pande zote mbili kulikuwa ni mafundisho.

Wagonjwa nao walimjia. Hakuwa daktari, lakini alifunga vidonda na kugawa dawa alizokuwa nazo. Katika kazi ya namna hiyo hakuwa peke yake kando ya ziwa. Tangu mwaka wa 1889 alikuwako ng'ambo, Karema, Adrian Atiman, Mwafrika aliyezaliwa karibu na Timbuktu, aliyeuzwa utotoni, akakombolewa na wamisioni, akasomeshwa utabibu huko Malta. Huyo alitibu na kufundisha dini Karema mpaka kufa kwake mwaka wa 1956. Tunawataja hao wawili pamoja kwa kusudi, mmoja Mzungu na mwingine Mwafrika, wote wawili walei. Kanisa la ziwa letu liliegemea juu yao pamoja na juu ya mapadri.

Mahitaji yote ya nje yalitoka pwani kwa misafara: nguo za merikani na shanga zilizotumika kama fedha, baruti, kinini, chumvi, divai ya Misa, barua. Barua iliweza kukaa miezi mingi njiani, na ndugu wa nyumbani kufa bila mtu wa Mrumbi kujua. Msafara ukizuiwa, misioni ilikuwa haina cha kununulia chakula. Jioni ilikuwa tena sala, na usiku walinzi walikesha, kwa sababu adui hupenda kuja kabla ya mapambazuko.

NDOA YAKE NA AGNES ATAKAYE

Tarehe 13 Februari 1888 Joubert alimwoa Agnes Atakaye, binti Mwafrika Mkristu. Wakati ule Wazungu wengi wa bara waliishi na wanawake wa Kiafrika pasipo ndoa, wakawaacha na watoto siku ya kurudi kwao. Kapiteni alisimama mbele ya altare akafunga ndoa ya Kikristu, mbele ya Mungu na mbele ya watu. Hakumwacha mke wake. Mungu akawapa watoto kumi, na wawili kati ya wana wao walipewa daraja la upadri.

Katika maisha yote ya Kapiteni, pengine hakuna tendo lililohubiri kwa nguvu zaidi. Katekista anaweza kueleza sakramenti ya ndoa kwa maneno mengi, na watu wakatikisa kichwa, kisha wakaenda zao. Lakini watu wa Mrumbi waliona kwa macho yao mkuu mwenye bunduki na mamlaka, aliyeweza kuchukua wake kadiri atakavyo kama wakubwa wa wakati ule, akikaa na mke mmoja tangu siku ya arusi hata siku ya kifo. Na Mama Agnes asisahauliwe. Kitabu huandika jina la mume, lakini nyumba iliyopokea wakimbizi, iliyolea watoto kumi na kuwatoa mapadri wawili haikusimama kwa mikono ya mwanamume peke yake.

MIAKA YA VITA

Sasa tuje kwenye bunduki. Mwaka wa 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, alifanywa na Dola Huru gavana wa Stanley Falls, mahali tunapopaita leo Kisangani. Upande wa ziwa, mwenye nguvu alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, wa Ujiji. Watu wake walivuka maji wakapanda katika vijiji vya magharibi. Mwaka wa 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akiwahubiria Wazungu juu ya maumivu ya Waafrika, lakini msaada ulichelewa. Katika miaka ya 1890 na 1891 Mpala na Mrumbi vilikuwa kama kisiwa katikati ya maadui. Njia za misafara zilikatika, baruti ilipungua, na Kapiteni na watu wake walirudisha nyuma mashambulio kwa nguvu zao wenyewe. Mwishoni mwa mwaka wa 1891 ndipo ulipofika msafara wa Kapiteni Jacques, Mbelgiji, aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa, naye akajenga ngome ya Albertville, ambayo leo ni mji wa Kalemie. Mwaka wa 1894 nguvu za Rumaliza zilivunjwa, na vita hivyo vikakoma.

Je, tusemeje? Yako mambo mawili ambayo ni ya kweli, wala moja halifuti la pili.

La kwanza ni hili: wako watu ambao hawangezaliwa, wala wajukuu wao kuzaliwa, kama ngome ya Mpala isingalisimama. Mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni hakuuliza kama mlango unaofunguliwa ni wa padri au wa askari. Kujilinda na kumlinda mnyonge si dhambi, na Kanisa halijafundisha hivyo.

La pili ni hili: mlango uliofunguliwa ili mvamizi mmoja atoke uliingiza mtawala mwingine. Dola Huru lililosifiwa kwa kukomesha utumwa lilikuja kuwatesa watu wa Kongo, hasa katika nchi za mpira, kwa kazi ya kulazimishwa na kwa mijeledi, mpaka dunia ikapiga kelele na Ubelgiji ukalazimika kuichukua nchi mikononi mwa mfalme mwaka wa 1908. Joubert hakuwa mtu wa mpira, lakini alitumikia chini ya bendera hiyo. Hata ukombozi wa watumwa kwa nguo na shanga ulikuwa na uchungu wake, kwa maana aliyekombolewa alibaki karibu na misioni, chini ya amri ya misioni, na mara nyingi hakuwa tena na kijiji cha kurudia. Tunasema haya bila hasira. Jubilei isiyo na ukweli ni ngoma tu.

UZEE NA KIFO

Vita vilipokwisha, Kapiteni hakutafuta cheo. Utawala ulipita kwa wakubwa wa serikali, naye akabaki mwenye nyumba, baba, mkulima na mwalimu wa dini. Mwaka wa 1893 Mapadri Weupe walikuwa wamefungua misioni ya Baudouinville, huko Kirungu ya Moba, ambayo chini ya Askofu Victor Roelens ilikuwa kiini cha Kanisa la Kongo ya Juu. Kisha likaja pigo jingine lisilopigwa kwa bunduki, yaani ugonjwa wa malale. Uliua watu wengi kando ya ziwa katika miaka ya kwanza ya karne iliyopita, na vijiji vya pwani vikahama. Joubert naye aliondoka Mrumbi na jamaa yake mwaka wa 1910, akakaa Misembe, karibu na Baudouinville. Kazi ya mikono yake ya miaka ishirini ilirudiwa na majani.

Lakini aliona jambo ambalo wengi wa wenzake hawakuliona. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Stefano Kaoze, kijana wa nchi ya Marungu, alipewa daraja takatifu, akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Kapiteni alikuwa angali hai, mzee wa miaka sabini na mitano. Kwa ajili ya siku kama ile alikuwa amevuka bahari. Alifariki tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka themanini na mitano, katikati ya watu aliowachagua kuwa wake.

MWANA ALIYERUDI KWETU

Habari ingeweza kukoma hapo, na ingekuwa habari ya Moba. Lakini Mungu alitaka sehemu yake ya mwisho iandikwe katika mwambao wetu.

Tarehe 18 Oktoba 1908, huko Saint-Louis de Mrumbi, Kapiteni na Mama Agnes walipata mtoto wakamwita Albert. Alipewa upadri mwaka wa 1935, miaka minane baada ya kifo cha baba yake. Mwaka wa 1964 Padri Albert Joubert alikuwa Fizi, pamoja na wamisioni Wasaveri, ambao walikuwa wamekuja Kongo tangu mwaka wa 1958, na ambao Mwaskofu wa kwanza wa Jimbo la Uvira, Danilo Catarzi, alitoka kwao. Uasi ulikuwa umeenea nchini, na Uvira ilikuwa imetwaliwa tangu mwezi wa Mei. Wengi wangeona ni busara kukimbia. Wao walibaki na Wakristu wao.

Tarehe 28 Novemba 1964, mchana, mkuu mmoja wa waasi alifika Baraka. Bradha Vittorio Faccin aliamriwa apande gari, akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa kanisani akiungamisha, alitoka, akapiga magoti karibu na mwenzake, naye akauawa. Jioni ileile wauaji walipanda Fizi. Hapo waliuawa Padri Giovanni Didonè, paroko, na Padri Albert Joubert, aliyekuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Hawakuwa na ngome, wala walinzi, wala bunduki. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri.

Ndugu zetu, tuwaweke baba na mwana pamoja tuwatazame. Baba alikuja ziwani na silaha ili wengine waishi. Mwana, aliyezaliwa na mama wa ziwa hilihili, alikutwa mikono mitupu, akatoa uhai wake mwenyewe. Hatusemi kwamba mwana alimkataa baba yake. Twaona kwamba lile la baba lililorithiwa halikuwa bunduki. Ngome ya Mpala haikuzuia Dola, na nyumba za Mrumbi zilimezwa na msitu. Kilichopita kwa mwana kilikuwa ni sala ya asubuhi, katekisimu, mashauri yaliyosikilizwa kwa subira, ndoa iliyoshikwa mpaka mwisho, na ile nia ya kubaki na watu wakati wa hatari.

Mwambao wetu umejua vita tena na tena tangu mwaka wa 1996. Tumezika wengi, tumekimbia, tumerudi, tumejenga upya. Vijana wetu wameambiwa mara nyingi kwamba mwenye silaha ndiye mwanamume. Hatuna budi kuwajibu, na maisha haya yatusaidia kujibu. Kapiteni Joubert alishika silaha akiwa na sababu kuliko wengi, na alipoweza kuiweka chini aliiweka, akaishi miaka zaidi ya thelathini kama mzee wa nyumba yake. Kwa miaka hiyo, kuliko ile ya vita, sisi walei twaweza kumfuata, kwa sababu imo katika uwezo wa kila mmoja wetu.

Tunawaomba basi wazazi, wakatekista na wakuu wa jumuiya, katika mwaka huu wa jubilei, wawasimulie watoto habari hizi nyumbani. Na ninyi Mapadri wetu wapendwa, mnapotembelea vijiji vilivyo mbali, mnapomkuta mlei amekwisha kuwakusanya watu na kuanza rozari kabla hamjafika, jueni kwamba kazi hiyo ni ya zamani katika ziwa hili.

Wenyeheri Albert, Giovanni, Luigi na Vittorio watuombee. Na Mungu Baba awape raha ya milele Kapiteni Ludovic na Mama Agnes, pamoja na wote waliokombolewa na wasiokombolewa, ambao njia zao zilipita kando ya maji haya. Amina.